Umalize dozi, au dozi ikumalize?

Haya jamani, najua nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki kadhaa. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimehama mji. Sijahama. Nilikuwa nauguza, kisha nikazika, kisha nikakaa na hasira. Leo nimeamua kuimwaga hasira yenyewe hapa, maana nikiendelea kuifuga moyoni haitamsaidia mtu.

Sote tumekua na wimbo mmoja: "Maliza dozi!" Umebandikwa kwenye kuta za zahanati, muuza duka la dawa anakuimbia akikupa chenji, na mama anaurudia ukifika nyumbani. Na ni wimbo mzuri. Ukikatiza dawa za kifua kikuu, vijidudu vinarudi vikiwa sugu. Ukichezea ARV, virusi vinakuzoea. Kwa hiyo kabla hujanikaba koo, weka hili akilini: sina ugomvi na dozi ya malaria, ya kifua kikuu wala ya ARV. Kama unameza dawa hizo, maliza dozi yako na usinitaje mimi kama shahidi.

Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe tunaouchukua wimbo huo na kuupeleka mahali usipohusika. Tumeupeleka mpaka kwenye saratani ya ini iliyokwisha kusambaa.

Ngoja nikupe kisa. Mjomba wangu alikuwa dereva wa malori kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtu wa miraba minne, mikono kama makasia. Alipoanza kukonda tulidhani ni kisukari. Vipimo vikarudi: saratani ya ini, imeshapita hatua ya kukatwa. Hakuwa mlevi, kwa hiyo wale mnaodhani ini ni ugonjwa wa walevi tu mnyamaze kidogo. Alikuwa na homa ya ini aina ya B, pengine tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumpima.

Daktari wa hospitali moja kubwa (jina nalihifadhi, hoja yangu si mtu mmoja) akamwandikia sorafenibu. Vidonge vya miligramu 200, viwili asubuhi na viwili jioni, tumbo likiwa tupu. Mazungumzo yote yalichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na chai yenyewe iwe imepoa. "Mzee, usiruke hata siku moja." Basi. Tukachangishana ukoo mzima, binamu aliyekuwa na safari ya Chennai akavileta.

Wiki ya tatu nikaenda kumwona. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa wangu, leo sikupi mkono." Nikadhani ananitania. Akafungua viganja: vyekundu, vimevimba, vina malengelenge kama ya mtu aliyeshika sufuria ya moto. Nyayo hivyo hivyo. Kwenda msalani alikuwa anatambaa, na kwa kuwa alikuwa anaharisha, alitambaa mara nyingi. Chakula kilikuwa hakipiti. Nikamuuliza kama amemwambia daktari. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimwambie ili anipunguzie dozi? Nataka kupona mimi!"

Na mkewe, kwa mapenzi yote, alikuwa anavihesabu vidonge kila jioni kuhakikisha mume hajaiba siku. Maliza dozi!

Unajua kilichofuata? Wiki ya tano mjomba akaacha dawa zote. Hakumwambia mtu. Vidonge tulikuja kuvikuta ndani ya soksi kabatini. Kutoka vinne kwa siku mpaka sifuri, hakuna kituo katikati, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba katikati kuna vituo. Alipofikishwa kwa daktari mwingine, mama mmoja mtu mzima mwenye maneno machache, yule mama alitazama viganja akauliza swali moja tu: "Kwa nini hamkuja mapema tukashusha?"

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nikaanza kusoma. Na nilichokikuta ndicho kilichonipandisha mori.

Kwanza, hiyo dozi ya vidonge vinne imetoka wapi? Dozi ya dawa ya saratani kwa desturi hutafutwa hivi: wanachukuliwa wagonjwa wachache, mara nyingi watatu watatu, wanapewa dozi ndogo. Wakiivumilia, kundi linalofuata linapewa kubwa zaidi. Ngazi inapandwa hivyo mpaka wagonjwa waanze kuumia kupita kiasi. Hapo watafiti wanashuka ngazi moja na kusema: hapa ndipo. Kwa maneno mengine, dozi rasmi mara nyingi ndiyo ya juu kabisa ambayo binadamu anaweza kuibeba bila kuanguka. Tena uvumilivu wenyewe kwa kawaida hupimwa katika wiki chache za mwanzo, ilhali mgonjwa atameza kila siku kwa miezi.

Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake kwa dawa za zamani zinazoua seli moja kwa moja: ukiongeza dawa, unaua zaidi. Lakini sorafenibu na ndugu zake hufanya kazi kwa kuziba ishara zinazoiambia saratani ikue na ijivutie mishipa ya damu. Mlango ukishafungwa komeo, kuongeza makomeo mengine matano hakuufanyi ufungike zaidi. Kunamchosha tu mwenye nyumba. Hata mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilianzisha mwaka 2021 mpango uitwao Project Optimus, kwa lengo la kuwataka watengenezaji wa dawa za saratani watafute dozi inayofaa badala ya kukimbilia ile ya juu kabisa. Wenyewe wameona kuna tatizo. Sisi huku bado tunahesabu vidonge kwa tochi.

Pili, hiyo dozi ilijaribiwa kwa nani? Utafiti mkubwa ulioipa sorafenibu jina unaitwa SHARP, ulichapishwa mwaka 2008. Wagonjwa 602. Waliopewa dawa waliishi miezi 10.7 kwa wastani wa kati, waliopewa kidonge kisicho na dawa wakaishi 7.9. Karibu miezi mitatu zaidi. Si haba, na wakati ule hakukuwa na dawa nyingine iliyowahi kufanya hivyo. Sitaidharau miezi mitatu mimi, niliyeona mtu akiomba wiki.

Lakini soma maandishi madogo. Karibu wagonjwa wote wa SHARP walikuwa daraja A kwenye kipimo cha Child-Pugh, yaani ini lao lilikuwa bado linafanya kazi vizuri licha ya saratani. Walitoka Ulaya, Amerika na Australia. Na hata hao, wenye ini zuri na wauguzi wa kuwapigia simu, 26% walilazimika kupunguziwa dozi kwa sababu ya madhara. Robo nzima! Utafiti wa pili ukafanyika China, Korea Kusini na Taiwan, wagonjwa 226. Huko dawa iliongeza uhai kutoka miezi 4.2 hadi 6.5, na tatizo la viganja na nyayo likawapata 45% ya walioimeza. Katika SHARP lilikuwa 21%. Dawa ile ile, dozi ile ile, miili tofauti.

Sasa mlete mjomba wangu. Takwimu za Afrika zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2017, Tanzania na Uganda zikiwemo, zinaonyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya ini kusini mwa Sahara waliishi miezi 2.5 tu kwa wastani wa kati. Wa Misri, ambako wengi hugunduliwa mapema na kutibiwa, miezi 10.9. Umri wa kati wa wagonjwa wetu ulikuwa miaka 46, wa Misri 58. Sisi tunafika tumekonda, macho ya njano, tumbo limejaa maji, na wengi wetu hatupati tiba yoyote. Halafu yule mmoja aliyebahatika kupata dawa tunampa dozi ya mtu wa daraja A na kumwambia asiruke. Mnaona kichekesho?

Ini ndilo linaloivunja sorafenibu. Ini likichoka, mambo hubadilika, na hili lilipimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio kwa wagonjwa ambao ini au figo zao zilikuwa na hitilafu. Wenye bilirubini iliyopanda kwa kiasi walishauriwa waanze na vidonge viwili kwa siku badala ya vinne. Wenye albumini ya chini sana, kidonge kimoja. Na wale ambao bilirubini ilizidi mara tatu ya kawaida, hata kidonge kimoja kila baada ya siku tatu kiliwashinda. Hiyo ni 2009. Mjomba alikuwa na macho ya njano nilipompeleka mara ya pili, na kwenye kadi yake palikuwa bado pameandikwa vinne.

Najua kuna mtu ameshashika kalamu ananingoja: "Wewe mwandishi wa habari, unataka kuwanyima wagonjwa tiba kamili!" Haya, tuzungumze.

Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa 4,903 wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Kati yao 3,094 walianza na dozi kamili ya sorafenibu na 1,809 walianza na pungufu. Ukitazama juu juu, walioanza na pungufu waliishi muda mfupi kidogo. Lakini walikuwa pia wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Watafiti walipowalinganisha watu wenye hali zinazofanana, tofauti ikayeyuka. Walioanza chini hawakupoteza uhai kwa kuanza chini. Walichopoteza ni vidonge vingi na gharama kubwa.

Sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Huo haukuwa utafiti wa kura, ulikuwa wa kutazama kumbukumbu, na hesabu za kulinganisha zina mipaka yake. Kuna mwingine wa Italia wa mwaka 2011, wagonjwa 296, ambamo waliokaa kwenye nusu dozi kwa sehemu kubwa ya tiba waliishi miezi 21.6 na waliobaki kwenye dozi kamili 9.6. Ukisikia mtu anakuambia hiyo inathibitisha kwamba nusu dozi inarefusha maisha mara mbili, mkatalie. Aliyeishi muda mrefu alikuwa na muda mrefu wa kupunguziwa, na aliyekufa mapema hakuufikia. Mimi nadai jambo dogo zaidi: hakuna ushahidi wa kutosha wa kumtesa mtu kwa jina la dozi kamili.

Na upo utafiti wa kura, japo si wa ini moja kwa moja. Regorafenibu ni ndugu wa sorafenibu, na hutumika pia kwa saratani ya ini pale sorafenibu inaposhindwa. Kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, Wamarekani walijaribu kuwaanzishia wengine miligramu 80 kwa siku na kupanda kila wiki hadi 160 kama wanavumilia, huku wengine wakianza na 160 palepale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: waliopanda ngazi polepole, 43% walifika mzunguko wa tatu wa tiba. Walioanza juu, 26%. Aliyeanza taratibu ndiye aliyekwenda mbali. Bibi zetu walilijua hili bila maabara, haraka haraka haina baraka.

Kisha ikaja lenvatinibu. Utafiti wake mkubwa, wagonjwa 954, ulichapishwa mwaka 2018, na dozi yake ikawekwa kwa uzito: mwenye kilo 60 na zaidi miligramu 12, aliye chini ya hapo 8. Mizani tu ya kawaida! Tena ilifanyika hivyo kwa sababu katika majaribio ya awali wenye miili midogo walishindwa na dozi kubwa. Kwa hiyo wakitaka, wanaweza.

Hoja nyingine nimeisikia, na hii ni ya wasomi: "Ngozi ikiathirika ni dalili dawa inafanya kazi." Kuna ukweli ndani yake. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba waliopata matatizo ya ngozi mapema mara nyingi waliishi muda mrefu kuliko ambao hawakupata. Sawa. Lakini moshi ukiwa dalili kwamba chakula kiko jikoni, hatuendi kuwafungia watu jikoni ili tujiridhishe. Ngozi inatibika. Mwaka 2015 Wachina walichapisha utafiti wa kura wa wagonjwa 871 wa saratani ya ini waliokuwa wakianza sorafenibu. Waliopaka krimu yenye urea tangu siku ya kwanza, 56% walipata tatizo la viganja na nyayo. Wasiopaka, karibu 74%. Krimu! Kwa nini mjomba wangu hakuambiwa habari za krimu siku ile ya kikombe cha chai?

Halafu wapo wanaosema hoja yangu imepitwa na wakati kwa kuwa siku hizi kuna dawa za kuamsha kinga. Kweli, mwaka 2020 mchanganyiko wa atezolizumabu na bevacizumabu uliishinda sorafenibu, na hesabu za baadaye zikaonyesha miezi 19.2 dhidi ya 13.4. Nawapigia makofi. Lakini ni dripu ya kila wiki tatu, na kabla ya kuanza lazima mgonjwa achunguzwe koo na tumbo kwa kamera kwa sababu bevacizumabu huongeza hatari ya kutoka damu. Wewe niambie ni wagonjwa wangapi wa Kahama au Newala watakaoipata kesho asubuhi. Kidonge ndicho chetu bado.

Na hapo ndipo pesa inapoingia. Mwaka 2012 India iliipa kampuni ya Natco leseni ya lazima ya kutengeneza sorafenibu, ambayo Bayer ilikuwa ikiiuza kwa jina la Nexavar. Bei ya mwezi mmoja, vidonge 120, ikashuka kutoka takriban rupia 280,000 hadi 8,800. Mwishoni mwa 2013 mkuu wa Bayer alisema hadharani kwamba dawa hiyo hawakuitengeneza kwa ajili ya soko la India, bali kwa wagonjwa wa Magharibi wanaomudu. Basi kama haikutengenezwa kwa ajili ya Mhindi, sembuse dereva wa malori wa kwetu! Hilo lingetosha kutufanya tuiulize dozi yake maswali mara mbili. Familia inayonunua vidonge 60 kwa mwezi badala ya 120 inaweza kuendelea na tiba miezi ambayo ingeuza kiwanja. Sisemi kuna njama. Nasema aliyeamua dozi hakuwa akiitazama mifuko yetu wala maini yetu, na sisi hatukumkumbusha.

Sasa nadai nini?

Nadai daktari anayeandika dawa hii amtazame mtu kabla ya kutazama kitabu: bilirubini, albumini, uzito, kama anaweza kusimama. Nadai amwambie mgonjwa mapema kwamba kushusha dozi kumeruhusiwa, kwa sababu maelekezo rasmi ya dawa yenyewe yanaruhusu kushuka hadi vidonge viwili kwa siku, na hata viwili kila baada ya siku moja. Nadai mgonjwa aonwe tena ndani ya wiki mbili za mwanzo, siyo baada ya miezi miwili. Na nadai watafiti wetu wa Afrika Mashariki wafuatilie na kuandika dozi ambazo watu wetu wanazibeba kweli, ili tuache kuishi kwa makadirio ya miili ya wengine.

Kwako wewe msomaji mwenye mgonjwa nyumbani: usishushe dozi kwa uamuzi wako, wala usiache dawa kimya kimya kama mjomba. Mpigie daktari viganja vikianza kuwaka, usingoje malengelenge. Muulize: dozi hii imepangwa kwa ini la namna gani? Nikishindwa, tunashuka wapi? Nipake nini? Nirudi lini? Akikasirika kwa maswali hayo, tatizo si maswali.

Na ndugu mnaohesabu vidonge usiku, nawaomba kwa heshima, hesabuni pia mara ngapi amekula, mara ngapi amecheka.

Mjomba alirudishiwa vidonge viwili kwa siku kwa miezi iliyobaki. Sitawadanganya kwamba vilimwongezea maisha, sina namna ya kujua. Ninachojua ni kwamba viganja vilipona, na siku moja nilifika nikamkuta uani ameshika ufunguo wa spana, anamwelekeza mwanawe namna ya kufungua tairi la baiskeli. "Leo nikupe mkono, mpwa," akaniambia. Akanipa. Ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwa mkono.

Nyie mnaonaje? Hasa madaktari mnaopita hapa kimya kimya, leo msipite. Nibisheni kwa hoja.